Mwaka Tuliovuna Mbegu

Mwani mkavu haujulikani kwa macho. Hilo lishikeni kwanza, maana nyinyi vijana mna simu zenye kila kitu ndani, na nachelea mtaupiga picha mwani mkaiuliza simu kama umekauka. Haya. Mwani unajulikana kwa makalio.

Chekeni, chekeni tu, hata mimi nilicheka. Nilikuwa nimeachwa na mume wangu wa kwanza, nina miaka ishirini na kitu, ndiyo kwanza nimetolewa baharini kulima mwani nikaingizwa ghalani kuukagua. Mkaguzi mkubwa alikuwa Bwana Seif, mtu wa Wete, Mwarabu wa zile nyumba zilizokuwa na mikarafuu Ole enzi hizo. Aliniambia, "Bi Time, gunia usilipapase, likalie. Kaa kama unaekunywa chai kwa ntu usiyempenda. Usikae sana, usiondoke upesi. Kisha inuka, uishike kanga yako kwa nyuma. Ikiwa kavu, pima. Ikiwa imeshika unyevu, mrudishie mwenyewe akaanike tena." Akageuza uso wake ukutani ili niinuke nijishike bila haya. Basi miaka ishirini na tisa mimi nimefanya kazi kwa kukaa, na hakuna gunia lililonidanganya baada ya lile la kwanza.

La kwanza lilinidanganya sawasawa. Lilikuwa jeupe kwa chumvi, limekakamaa, nikaona hili la kulikalia la nini? Nikalipima, nikalifunga pamoja na mengine kwenye robota. Baada ya siku kumi robota likaanza kutoa jasho. Mwani ukikauka juu tu, unyevu wa ndani hauna pa kwenda, basi unapanda taratibu mpaka unaozesha na jirani zake. Bwana Seif hakugomba. Alinipa kisu, akaniambia nikate kamba za marobota yote ya juma lile, niyafumue, niyaanike mwenyewe, peke yangu, wanawake wenzangu wote wakinitazama. Hadi leo nikisikia harufu ile naona haya.

Na kuna gunia jingine, lilikuwa la bibi mmoja simtaji, bado yu hai na ana mdomo. Gunia zito ajabu. Tukasema huyu katia mchanga. Tukalimimina, tukakuta mchi wa kutwangia. Mwenyewe hata hakushtuka. Akaunyakua, akasema, "Alhamdulillahi! Juma zima nautafuta huu." Bwana Seif alicheka mpaka akatoka nje.

Sasa nimekaa hapa Jadida, mjini Wete, kwa dada yangu, magoti hayana kazi tena, na viongozi wa kikundi chenu kipya wamenijia wakitaka niwaandikie ninayoyajua kuhusu mwani. Wakaniambia, "Tuandikie na mambo ya kuchekesha, Bi Time, vijana wapende kusoma." Ya kuchekesha nimeshaandika, mnayo hapo juu. Yaliyobaki hayachekeshi, na kama nyie ni watu wa kutaka moyo mwepesi basi fungeni hapa mkale muhogo wenu.

Nianze na mbegu. Mwani hauna punje. Mbegu yake ni wenyewe. Unafunga vitawi vichanga kwenye kamba, kamba unaifunga kwenye vigingi, unauacha mwezi na nusu hivi, maji yakitoka unakwenda kuvuna. Ukivuna huuchukui wote. Unakata zile ncha changa, ndizo mbegu, unazirudisha kwenye kamba siku ile ile kabla jua halijazipiga. Uliobaki ndio unaanika. Basi mwani ulioko baharini leo ni ule ule alioufunga bibi yako, umekatwa na kufungwa, umekatwa na kufungwa. Ukikatika mara moja umekatika.

Upo wa aina mbili, mnajua. Spinosamu ni mgumu, unaota hata ukiutukana, lakini bei yake duni. Kotonii ndio mnene, ndio wanaoutaka matajiri, na ndio wenye maradhi. Kaskazi ikipiga, maji yakipata moto, kotonii hugeuka nyeupe, vitawi vikakatika kimoja kimoja vikachukuliwa na maji. Pwani nyingi za Unguja na huku kwetu Pemba ulishakwisha zamani. Katika pwani yetu, ile inayotazama kisiwa cha Kojani, walibaki wanawake kumi na mmoja wenye kotonii, na wote mbegu zao, ukizifuata nyuma, zilitoka kwa mtu mmoja.

Huyo ni Bi Mgeni wa Kojani. Mama yake alikuwa na akili ya kuihamisha mbegu wakati wa joto, anaipeleka kwenye mkondo, pale maji yanapopita kwa nguvu baina ya kisiwa na mwamba, panapofika kifuani hata maji yakitoka. Kazi ya kufa mtu. Mama alipokufa akamwachia Bi Mgeni kamba tatu za mbegu, na Bi Mgeni akazifanya hivyo hivyo kila kaskazi, mpaka mwani wake ukazoea. Mwembamba, mfupi, wa rangi ya kahawia, ukimpa Bwana Seif akiwa amefumba macho anakwambia, "Huu wa Mgeni."

Na kwetu mbegu haiuzwi. Mwanamke akipotelewa na mbegu yake huchukua kikapu kitupu, akaenda nyumbani kwa mwenzake, akakiweka kizingitini. Haombi, wala hasemi kitu. Ataulizwa habari za watoto, atapewa chai, atakaa kidogo, ataondoka, kikapu atakiacha. Maji ya bamvu yakija, yale yanayotoka mbali tukaingia kuvuna, mwenye mbegu anakijaza. Siku ikigeuka, yeye ndiye anayeweka kikapu kwako. Sijapata kuona kikapu kilichorudishwa kitupu katika maisha yangu ya kazi. Nyie mtakuja kuandikiana karatasi. Sisi tulikuwa na vikapu.

Basi ikaja korona.

Nitawaambia kitu ambacho hamkukisikia redioni. Korona ilifika pwani kwetu kabla ya ugonjwa wenyewe. Hatujaona mtu akikohoa, na tayari tumeshaumwa. Aliyetuletea habari alikuwa Omar, mtoto wa Bi Mgeni, kijana mzima mwenye mke, alikuwa anatandika vitanda kwenye hoteli moja kule pwani ya Unguja. Siku moja akashuka botini na godoro, begi, na mfuko wa vile visabuni vidogo vya hotelini. Ndege zimesita, wageni wamekwenda kwao, hoteli imefungwa, wafanyakazi wameambiwa wasubiri kuitwa. Akagawa visabuni kwa jirani. Tukaogea, vinanukia, tukasema Omar kaja na zawadi. Hatukujua kuwa ule ndio mshahara wake wa mwisho.

Halafu wachuuzi wa pweza wakaacha kuja, kwa sababu pweza wetu walikuwa wakiliwa na hao hao wageni. Mume wa Bi Mgeni alikuwa dagoni, upande wa Kenya, na wenzake wa Kojani, kama wanavyokwenda kila mwaka wakivua na kulala huko huko miezi. Mipaka ikafungwa, akabaki huko, hawezi kurudi wala samaki wake hawana wa kuwanunua. Kwa hiyo hesabuni nyumba ile. Mtoto hana kazi, mume hayupo, pweza hauzwi. Watu kumi na wawili, tegemeo lao lote ni mwani wa mwanamke mmoja. Waheshimiwa redioni wakisema uchumi wa nchi umeyumba, mimi nilikuwa naiona nyumba ya Bi Mgeni. Nchi ni nini kama si hiyo?

Nikaenda kwa Bwana Seif kumuuliza. Alikuwa ameshastaafu, anaumwa kifua, watoto wake wamemwekea kiti peke yake barazani, na mimi nimewekewa changu mbali, tunapigiana kelele kama tumegombana. Nikamuuliza, "Bwana Seif, ugonjwa huko Ulaya na Uchina, mwani wetu umekosa nini?"

Akanijibu, "Unajua mwani unakwenda wapi, Bi Time? Unatiwa kwenye dawa ya meno, kwenye aiskrimu, kwenye rangi za midomo. Sasa wanawake wa huko wamefunika midomo kwa barakoa. Nani apake rangi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Na viwanda vimefungwa, na meli hazipakii. Watu watakaa na mwani wao. Sikiliza. Spinosamu uache uoze, utaota tena. Lakini mbegu ya kotonii, ikivunwa ile, mmekwisha. Waambie waihamishe kwenye mkondo waikalie. Korona itapita."

Baada ya siku chache tukaambiwa Bwana Seif kafariki. Ilisemwa ni kifua. Alizikwa na watu wachache, wamesimama mbalimbali, na mimi nikiwa mwanamke nilimsomea nyumbani. Yarabi mrehemu. Nilikuwa na watu wengi wa kunipa salamu katika dunia hii, lakini wa kunikataza alikuwa yeye tu.

Sasa njooni karibu, hapa ndipo penyewe.

Ilikuwa katikati ya masika. Ghala langu lilikuwa limejaa spinosamu isiyo na mnunuzi, na mimi nakaa mlangoni kutwa nafukuza mbuzi. Tajiri, mwenye ghala na mnunuzi wetu, akapiga simu kutoka mjini Unguja. Kampuni siitaji, na yeye simlaumu peke yake. Akasema, "Bi Time, nimepata kontena moja. Moja tu, na wanataka kotonii tupu. Likijaa, linaondoka na meli ya mwezi huu. Likipungua hakuna safari, na ghala nalifunga."

Nikatazama kotonii niliyokuwa nayo. Haikufika. Nikahesabu iliyoko baharini kwa wale wanawake kumi na mmoja, mavuno ya kawaida. Haikufika. Ilipungua kidogo tu, gunia chache za kila mmoja. Nikajua zilizobaki zipo wapi. Zilikuwa ni zile ncha changa. Zilikuwa ni mbegu.

Sitawadanganya nikasema nilifikiria njaa za watu. Nilifikiria, lakini pia nilifikiria ghala langu. Miaka ishirini na tisa, halafu lifungwe kwa simu? Na mimi niende wapi, nikakae kwa dada yangu nihesabu wapita njia? Basi nikajipa moyo. Nikajiambia, Bwana Seif alikuwa mzee, mgonjwa, mwoga. Na nikajiambia kitu kingine, nacho ndicho kilichotuua. Nikajiambia, hata mmoja akivuna mbegu yake, si ataweka kikapu kwa mwenzake?

Zamani ningewaita wote chini ya banda la ghala, kama tunavyokaa kila bamvu, kila mtu na kelele zake, tukaamua. Lakini sheha alikuwa ametangaza hakuna mikusanyiko. Watu wasikae pamoja. Basi nikaenda nyumba kwa nyumba, nimejifunga mtandio puani, nasimama uani, nasema yangu, naondoka. Nyumba kumi huku pwani. Kila mmoja aliniuliza la kwanza, "Na mbegu?" Na kila mmoja nilimjibu hivyo hivyo, "Utapata kwa mwenzio."

Wote walikubali. Walikuwa na njaa, na mimi ndiye Bi Time, mkaguzi, sijapata kuwapunja hata mmoja.

Wa mwisho alikuwa Bi Mgeni. Nilivuka kwenda Kojani asubuhi, mvua inanyesha. Nikamkuta ameinama anamenya muhogo, Omar ameketi pembeni hana la kufanya, mkewe analia ndani, sijui analilia nini, sikuuliza. Nikasimama mbali nikamweleza habari ya kontena.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bi Time, we wanambia n'vune na mbegu?"

"Mara hii tu, Bi Mgeni."

"Mbegu ya mama?"

"Nchi nzima haina mnunuzi, huyu kapatikana mmoja. Ukimwacha huyu utakula nini? Mbegu utaikula?"

Akaweka kisu chini. Kisha akasema, "Mimi sijapata kuweka kikapu kwa ntu. Tangu nijue bahari. Wao ndio huja kwangu."

"Basi safari hii na wewe utaweka," nikamwambia. "Utapata kwa mwenzio."

Nikaona anamtazama Omar. Akamtazama sana. Halafu akanambia, "Kama wasema wewe."

Hayo ndiyo maneno yake. Kama wasema wewe. Ningekuwa nimekwenda kwake wa kwanza, sijui. Pengine angekataa, na kukataa kwake kungesikilizwa na wengine. Lakini nilimweka mwisho kusudi, kwa sababu nilimwogopa.

Walivuna katika bamvu moja, siku tatu. Mtu aliyemwona mwenzake kwa mbali ameinama kwenye kamba zake alidhani anavuna kama tunavyovuna siku zote, anakata na kufunga. Nani angedhani vingine? Bi Mgeni aliingia mkondoni na Omar, maji ya kifuani, wakazitoa kamba zote. Mvua ilikuwa haikatiki. Tuliuanika kwenye chanja juani tukipata jua, tukaufunika turubai, tukaufunua, tukaufunika. Nilikalia kila gunia. Mengi nilijua hayajawa sawa. Nikayapima.

Ndiyo, niliyapima. Kanga yangu ina unyevu na mimi naandika namba. Nikasema kontena linakuja keshokutwa, litakauka humo humo. Mimi! Niliyefumua marobota ya juma zima kwa mikono yangu!

Kontena halikuja keshokutwa. Meli ilighairi kupita bandari yetu. Tajiri akasema juma lijalo. Juma lijalo akasema subirini. Kisha ikawa napiga mimi, yeye hapokei. Siku moja asubuhi niliingia ghalani, nikakaa juu ya gunia la Bi Mgeni, nalijua kwa fundo lake la kamba. Nikakaa kiasi kile alichonifundisha Bwana Seif. Nilipoinuka sikuhitaji kujishika. Maji yalikuwa yananitiririka miguuni.

Tulitoa ule mwani kwa majembe. Ulikuwa umekuwa uji mweusi. Wanawake wenyewe ndio waliokuja kuubeba kuutupa, kumi na mmoja, wamejifunga midomo, hawasemezani, na wala sheha hakuja kuwauliza kuhusu mikusanyiko. Jioni tajiri akapokea simu. Akasema, "Pole sana, Bi Time. Funga mlango, funguo mpe sheha." Kwa hiyo ghala nililotaka kuliokoa lilifungwa kwa simu vilevile.

Watasema korona ilipita, na kweli ilipita. Ndege zikarudi, hoteli zikafunguliwa, mume wa Bi Mgeni akarudi kutoka dago, amekonda. Redioni wakaanza kusema uchumi unainuka. Na kweli siku moja akaja mnunuzi mpya, kijana mstaarabu, ana gari na vipimo vya kisasa, akatangaza pwani nzima anataka kotonii, na bei aliyoitaja hatujapata kuisikia tangu mwani uingie Pemba. Watu walipiga vigelegele. Kamba tupu hazikuwa zimemtia mtu shaka, maana kotonii haikuwa na mnunuzi, na kila mmoja alidhani mwenzake ameihifadhi mbegu mkondoni.

Siku ya pili yake Bi Mgeni alichukua kikapu chake, akavuka. Mara ya kwanza katika umri wake. Alikwenda kwa Bi Raya, mmoja wa wale kumi, ambaye mbegu yake ilitoka kwa Bi Mgeni mwenyewe, miaka ile. Wamenisimulia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wamesimulia sawasawa. Bi Mgeni anafika uani, anainama kuweka kikapu kizingitini, mlango unafunguliwa, Bi Raya anatoka na buibui lake, tayari kwa safari. Na mkononi ana kikapu kitupu. Alikuwa anakwenda Kojani.

Wakatazama vikapu. Wakaondoka pamoja, wakaenda kwa wa tatu. Njiani wakakutana na wa nne na wa tano wanakuja, kila mmoja na kikapu. Mpaka adhuhuri walikuwa kumi na mmoja wamesimama nje ya ghala lililofungwa, vikapu kumi na moja, hakuna hata tawi. Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza walipoulizana, "Wewe nani alikwambia?"

Msidhani hatukujaribu. Tuliagiza mbegu kutoka Unguja, ikaja kwenye ndoo, ikapandwa, kaskazi ya kwanza ikageuka nyeupe yote. Tukaagiza nyingine. Ile ilifika imekufa. Mbegu ya Bi Mgeni ilichukua umri wa wanawake wawili kuzoea maji yetu, na haiko kwenye ndoo ya mtu. Kijana mnunuzi alisubiri misimu miwili akaondoka na gari lake. Waliobaki wanalima spinosamu kwa bei ya kujikuna. Wengine wanaponda kokoto. Bi Mgeni anaponda kokoto, na mikono yake mmeiona wenyewe mkipita njia ya Ole, kwa sababu amehamia huko kwa binti yake, Kojani hakuna mawe ya kuponda. Omar yuko bara, anasema anauza vocha. Hoteli haikumwita.

Mnaniomba ujuzi. Kukausha nimewaambia. Chanja iwe juu ya mchanga kwa kimo cha goti, mwani usilale chini hata siku moja, mvua ukiiona inakuja usingoje tone la kwanza. Mkikutana, kutaneni kweli, mkaonana macho, na mkaguzi wenu akija mmoja mmoja uani, mfukuzeni. Hata akiwa ni mtu mnayempenda. Mengine sina. Watu husema muda hutibu. Mimi nangoja kutibiwa, naona kila mwaka pananiuma papya.

Siku ile ya vikapu, Bi Mgeni hakurudi Kojani. Alipanda gari mpaka hapa Jadida. Nilikuwa nimeketi mlangoni, nikamwona anakuja, nikajua. Nilitaka aseme. Nilikuwa tayari kutukanwa, nilikuwa nautaka huo mtusi. Aliinama, akaweka kikapu kizingitini kwangu, mimi ambaye sijalima mwani tangu nilipoingia ghalani. Akauliza habari za magoti yangu. Nikamtilia chai.

Kikapu kipo pale pale mpaka leo. Dada yangu alitaka kukiondoa anapofagia, nikamwambia akiguse aone. Bi Mgeni akija Wete hospitali hupita. Hatuutaji mwani. Ananiuliza habari za nyumbani, namuuliza habari za Omar, anakunywa chai yake. Hakai sana, na haondoki upesi. Akiinuka anakitazama kikapu mara moja, anavaa viatu vyake kando yake, anakiacha.